Usalama na ulinzi katika istilahi za mtandao wa ndani ya chipu ya gari

Maneno yanayojadiliwa: basi, mtandao, pakiti, mkwamo, kasoro, kosa, hitilafu, kinga, usalama, ulinzi.

Mtandao wa ndani ya chipu ni mfumo wa nyaya, swichi na itifaki unaosafirisha data baina ya sehemu zilizojengwa juu ya kipande kimoja cha silikoni. Sehemu hizo ni vichakataji, kumbukumbu, vikokotozi vya picha, na milango inayopokea taarifa za kamera, rada na vihisi vingine. Katika magari mengi yanayotengenezwa leo, taarifa kwamba kuna mtu mbele ya gari hupita katika mtandao huo mara nyingi kabla haijawa amri ya kufunga breki. Mtandao ukiipoteza, ukiichelewesha au ukiipeleka kusikohusika, ubora wa kamera na wepesi wa breki havitafaa kitu.

Ugumu wa kiistilahi unaletwa hasa na neno usalama. Wahandisi wa magari wametenga dhana mbili: kwamba gari lisimdhuru mtu kwa sababu limeharibika lenyewe, na kwamba gari lisiharibiwe na mtu mwenye nia mbaya. Dhana ya kwanza ina kiwango chake cha kimataifa, ISO 26262, kilichotolewa mwaka 2011 na kupata toleo la pili mwaka 2018. Toleo hilo liliongezewa sehemu ya 11, inayohusu semikondakta peke yake. Dhana ya pili ina kiwango kingine, ISO/SAE 21434, cha mwaka 2021. Kiswahili cha magazeti na cha vitabu vya mwongozo huziita zote mbili usalama. Msomaji anayeambiwa kwamba chipu fulani “imethibitishwa kuwa salama” hajui ameahidiwa lipi kati ya hayo mawili. Kama itakavyoonekana hapa chini, ahadi ya kwanza haimo ndani ya ya pili, wala ya pili haimo ndani ya ya kwanza.

Basi

Kiswahili kina basi la kufunga au kuunganisha maneno, lenye asili ya Kiajemi, na basi la abiria, tulilolipata kupitia Kiingereza. Hili la pili ni mkato wa neno la Kilatini, omnibus, lenye maana ya “kwa wote”. Wahandisi wa umeme walilitumia neno hilohilo kuuita upau wa shaba uliogawa umeme kwa mitambo yote ya kiwanda. Baadaye wahandisi wa kompyuta wakaliita hivyo fungu la nyaya ambalo sehemu zote za mashine hulitumia kwa zamu. Maana ya Kilatini imehifadhiwa vizuri kuliko watumiaji wengi wanavyojua: basi la data ni njia ya wote.

Tatizo ni kwamba katika maandishi ya magari mabasi haya hukutana. Sentensi “basi limeharibika” ikiwa ndani ya mwongozo wa matengenezo ya basi la abiria haieleweki hata kidogo. Pendekezo letu ni kuandika basi la data kila inapotajwa mara ya kwanza, na kulifupisha pale tu ambapo hakuna gari la abiria karibu. Ngeli ni li-/ya- kwa maana zote mbili: basi la data, mabasi ya data. Anayeandika kwa ajili ya wasomaji wasio wahandisi atafanya vyema zaidi akitumia njia ya pamoja, ambayo inajieleza.

Ni lazima pia kutofautisha basi la data lililo ndani ya gari na lile lililo ndani ya chipu. La kwanza ni kama CAN, ambalo kampuni ya Bosch ya Ujerumani ililiwasilisha mjini Detroit mwaka 1986: jozi ya nyaya ambamo injini, breki na dashibodi hupeana ujumbe, kwa kasi isiyozidi megabiti 1 kwa sekunde katika umbo lake la awali. Fundi anayechomeka kifaa cha kupimia chini ya usukani wa gari lililotoka Japani, mara nyingi anazungumza na gari kupitia basi hilo. La pili haligusiki, halionekani kwa macho, na hakuna fundi wa gereji atakayelitengeneza.

Kutoka njia ya pamoja hadi mtandao

Ndani ya chipu, mabasi ya data yalitosha maadamu sehemu zilikuwa chache. Kampuni ya Arm ya Uingereza ilitoa itifaki zake za AMBA mwaka 1996, nazo zikawa lugha ambayo sehemu zilizobuniwa na watu mbalimbali zingeweza kuelewana kwayo. Tabia ya basi la data ni zamu: mmoja anasema, wengine wananyamaza. Sehemu zikiwa 5, zamu huja upesi. Zikiwa 50, kila moja hungoja sana, na waya mrefu unaozifikia zote huhitaji nguvu kubwa kuusukuma. Fizikia nayo ilileta lake. Transista iliyopunguzwa ukubwa huongezeka wepesi, lakini waya uliokondeshwa huongezeka ukinzani. Ikafika hatua ambapo ishara haikuweza tena kuvuka chipu kutoka ukingo hadi ukingo ndani ya mpigo mmoja wa saa.

Mwaka 2001 William Dally na Brian Towles walitoa hoja kwamba badala ya kutandaza waya maalumu baina ya kila jozi ya sehemu zinazohitajiana, chipu iwe na swichi ndogo ndogo zinazopokezana pakiti. Walikadiria kwamba mtandao wa namna hiyo ungechukua kiasi cha asilimia 6.6 ya eneo la chipu. Mwaka uliofuata Luca Benini na Giovanni De Micheli waliueleza mtandao huo kuwa msingi mpya wa kubuni chipu nzima. Leo chipu kubwa za magari hujengwa kwa namna hiyo, na kuna kampuni ambazo biashara yao ni kuuza ramani za mitandao hiyo tu, bila kutengeneza chipu yoyote.

Pakiti ina kichwa na mzigo. Kichwa hutaja anwani ya inakokwenda. Mzigo ni data yenyewe. Tofauti na basi la data, ambalo humilikiwa na msafiri mmoja kwa wakati mmoja, katika mtandao safari nyingi huendelea sambamba. Uhuru huo una ubaya wake, nao unahitaji neno lake.

Tuchukue pakiti nne zinazouzunguka mraba wa swichi nne, kila moja ikishikilia njia inayotakiwa na iliyo nyuma yake. Mkazi wa Dar es Salaam au Nairobi hahitaji mchoro: ni makutano ya barabara ambamo magari yameingia kutoka pande zote nne, na hakuna linaloweza kutoka. Baadhi ya wafasiri huiita hali hiyo foleni, nasi hatukubaliani nao. Foleni husogea, hata kama inasogea polepole; katika mtandao foleni ni jambo la kila siku na huhesabiwa mapema. Hali ya magari yale manne ni mkwamo: haitaisha yenyewe hata ikipewa siku nzima. Kinga yake ya zamani, na bado nzuri, ni sheria ya kukata kona. Kila pakiti iende kwanza mashariki au magharibi mpaka ifike safu inayotakiwa, ndipo igeuke kaskazini au kusini. Kwa kuwa baadhi ya kona zimepigwa marufuku, duara haliwezi kufunga.

Neno mtandao lenyewe linatokana na kitenzi tandaa, yaani kuenea kila upande, na kwa maana hiyo linafaa sana. Lakini matumizi ya miaka hii yamelivuta kuelekea intaneti: “ingia mtandaoni”, “mtandao umekatika”. Msomaji akikuta “mtandao wa gari” ataelewa kwamba gari limeunganishwa na intaneti. Kwa hiyo maneno wa ndani ya chipu si pambo, yasiachwe.

Kasoro, kosa, kushindwa kazi

Nyutroni inayotokana na mionzi ya anga za juu inaweza kupenya chipu na kugeuza biti moja ndani ya swichi, kutoka 0 kuwa 1. Chipu haijavunjika, baada ya sekunde chache huenda hakuna dalili yoyote iliyobaki. Hata hivyo kuna mambo matatu yaliyoweza kutokea, na kiwango cha ISO 26262 kinayatenga. Kasoro ni hali isiyo ya kawaida ndani ya kifaa: biti iliyogeuka. Kosa ni tofauti kati ya thamani iliyopatikana na thamani iliyo sahihi: umbali wa mita 12 umesomwa kuwa mita 44. Kushindwa kazi ni kukoma kwa kazi iliyokusudiwa: breki haikufungwa.

Mnyororo huo hukatika mahali pengi, na uhandisi wote wa usalama ni kutafuta pa kuukata. Kasoro si lazima izae kosa, kwa kuwa huenda biti iliyogeuka haikusomwa na yeyote. Kosa si lazima lizae kushindwa kazi, kwa kuwa huenda liligunduliwa na kusahihishwa. Mfasiri anayeyaita yote matatu hitilafu anaifuta kazi hiyo. Neno hitilafu limezoeleka katika matangazo ya mashirika ya umeme, ambako “hitilafu” ni waya uliokatika, na ni transfoma iliyozidiwa, na ni giza lenyewe. Tunalihifadhi kama neno la jumla kwa mazungumzo. Katika maandishi ya kiufundi lisitumike.

Kuhusu kosa, baadhi ya wahakiki wamelalamika kwamba neno hili lina harufu ya hatia, kwani mwenye kosa huomba radhi au hutozwa faini. Ni kweli, lakini lugha ya hisabati shuleni imekwisha kulizoea bila hatia hiyo, na hatuoni sababu ya kubuni jingine. Kufeli, kwa upande mwingine, kumebaki mno katika mitihani. Kushindwa kazi ni kurefu kidogo lakini hakumpotezi mtu.

Uzito wa jambo hupimwa kwa ngazi nne, A hadi D, zinazopatikana kwa kujibu maswali matatu: madhara yake ni makubwa kiasi gani, hali yenyewe hutokea mara ngapi, na je, dereva anaweza kuidhibiti? Usukani wa umeme unaojigeuza wenyewe kwa kawaida huangukia D. Kwa ngazi hiyo shabaha ni kwamba angalau asilimia 99 ya kasoro ambazo zikitokea peke yake zingeleta hatari ziwe zimewekewa kinga. Kwa kasoro fiche, yaani zile zinazoua kinga kimyakimya, kama kengele ya moto iliyokufa bila mwenye nyumba kujua, shabaha ni asilimia 90. Kushindwa kazi kwa hatari kunakotokana na bahati mbaya ya vifaa kuwe chini ya mara 10 katika saa bilioni moja.

Tarakimu ya mwisho hudanganya wepesi wa kusoma. Mara 10 katika saa bilioni moja ni mara moja katika saa milioni 100, ambazo ni zaidi ya miaka 11,000 kwa gari moja lisilozimwa. Lakini yakiwapo magari milioni moja yenye chipu hiyo, kila moja likiendeshwa saa moja kwa siku, mpaka huo hufikiwa kila baada ya siku 100. Aliyeandika “karibu haiwezekani” mahali pa tarakimu hiyo amefasiri hisia yake.

Kinga

Tunapendekeza kinga liwe neno la mbinu zote zinazozuia kasoro isifike kwenye breki, na ulinzi liachiwe kazi nyingine itakayoelezwa baadaye. Kinga zinafahamika zaidi kwa tabia zake kuliko kwa majina.

Ya kwanza ni biti za uhakiki. Richard Hamming wa maabara za Bell alichapisha mwaka 1950 njia ya kuongeza biti chache kwenye data ili kosa lijulikane lilipo. Kwa data ya biti 64, nyongeza ya biti 8 hutosha kusahihisha kosa la biti moja na kugundua makosa ya biti mbili. Ndiyo kinga inayotajwa zaidi katika vipeperushi, na ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Biti za uhakiki zikihesabiwa kwa mzigo peke yake, hazisemi lolote kuhusu kichwa cha pakiti. Anwani ikigeuka biti moja, kumbukumbu itajibu kwa data safi kabisa, isiyo na kosa, iliyotoka chumba kisicho chake. Kipokezi kitahakiki na kuridhika. Kwa hiyo anwani nayo lazima iingizwe katika hesabu, na hesabu ianzie kwa mtumaji na kuishia kwa mpokeaji. Swichi inayohakiki, kisha ikaandika biti mpya za uhakiki, inaacha pengo katikati ambamo kosa linaweza kuzaliwa na kupewa cheti.

Pakiti inaweza pia kufika ikiwa nzima lakini imechelewa, au kufika mara mbili, au kufika kabla ya iliyotangulia, au isifike. Biti za uhakiki hazimwoni asiyekuja. Hapo hutumika namba za mfuatano na ukomo wa kungoja. Ukomo huo hupangwa kulingana na mwendo wa gari: kwa kilomita 100 kwa saa, gari husonga karibu mita 2.8 katika kila sehemu ya kumi ya sekunde, na kasoro lazima iwe imegunduliwa na kushughulikiwa kabla mita hizo hazijawa nyingi.

Sehemu zinazofungasha na kufungua pakiti zina mantiki ambayo haiwezi kuhakikiwa kwa biti za nyongeza. Hizo huwekewa pacha: nakala mbili hufanya kazi ileile, na kilinganishi husema zinapotofautiana. Mara nyingi pacha mmoja hucheleweshwa mipigo michache ya saa, ili mtikisiko mmoja wa umeme usiwakute wote wawili katika hatua moja na kuwafanya wakosee kwa kufanana. Kilinganishi chenyewe hupimwa gari linapowashwa, kwa kupewa kwa makusudi tofauti ya uongo na kuangaliwa kama kitalalamika.

Sehemu ya mwisho ni kutoingiliana. Zamani kila kazi ya gari ilikuwa na kompyuta yake ndogo. Sasa chipu moja inaweza kuonyesha ramani, kucheza muziki na kusaidia breki. Programu ya muziki haikujengwa kwa ngazi D wala haina haja. Inachopaswa kuhakikishiwa ni kwamba ikichanganyikiwa na kumwaga pakiti bila kikomo, pakiti za breki zitapita kana kwamba hakuna lililotokea. Mtandao ni mahali muhimu ambapo jambo hilo linaweza kusimamiwa, kwa kuwa ni mahali ambapo kazi hizo mbili hukutana. Wabunifu wengi huweka kazi nyeti katika kisiwa cha usalama: eneo la chipu lenye umeme wake, saa yake, na vivuko vichache vinavyoweza kufungwa. Neno kisiwa hapa tunalipenda. Linabeba pia maana ambayo mhandisi huihitaji, kwamba bara ikizama kisiwa kinapaswa kubaki juu ya maji, angalau kwa muda wa kulipeleka gari kando ya barabara.

Kwa nini basi visiwekewe pacha vitu vyote? Kwa sababu ya eneo na umeme. Mark Horowitz wa Chuo Kikuu cha Stanford alionyesha mwaka 2014 kwamba kujumlisha namba mbili hugharimu nishati ndogo sana, ilhali kuzileta namba hizo kutoka kumbukumbu ya nje hugharimu maelfu ya mara zaidi. Katika gari la umeme nishati hiyo hutoka katika betri ileile inayozungusha magurudumu. Kompyuta ambayo Tesla iliitangaza mwaka 2019 ilichagua njia ya wazi na ghali: chipu mbili kamili kwenye ubao mmoja, kila moja ikiwa na milimita za mraba 260 na transista bilioni 6. Wengine hubaki na chipu moja, na kugawa kinga kwa kipimo: pacha kwa vichakataji vichache, biti za uhakiki kwa kumbukumbu na njia, na kidogo tu kwa kioo cha burudani. Kwa maana hii ya kutopoteza nishati, uwekevu ni sahihi kuliko ufanisi, ambao kwa wasomaji wengi ni kufanikiwa tu.

Usalama na ulinzi

Kuwa na neno moja kwa dhana mbili si aibu ya Kiswahili. Wajerumani, ambao kwao lilizaliwa basi la CAN, wana neno Sicherheit kwa zote mbili, nao huongeza sifa au neno jingine panapohitajika uangalifu. Kwetu utata unaonekana hata katika majina ya serikali: Usalama Barabarani ni habari ya ajali, Usalama wa Taifa ni habari ya maadui. Msikilizaji hatatiziki, kwa kuwa neno la pili linamwongoza. Katika usalama wa chipu hakuna neno la pili la kumwongoza. Usalama wa mtandao, ambalo limekwisha kuenea kwa maana ya kujikinga na wadukuzi, likisogezwa karibu na mtandao wa ndani ya chipu litapotosha kabisa.

Mahali ambapo nomino imeshindwa, kitenzi cha Kiswahili kimeshafanya kazi. Linganisha: data imeharibika, data imeharibiwa, mlango umefunguka, mlango umefunguliwa, pakiti imepotea, pakiti imepotezwa, siri imevuja, siri imevujishwa. Katika kila jozi, la kwanza halina mtenda: jambo limetokea kwa hali yake. La pili lina mtenda hata kama hakutajwa. Si vitenzi vyote vya upande wa kwanza vilivyo na kiambishi -ik-, lakini maana ni ileile. Huo ndio mpaka kamili kati ya ISO 26262 na ISO/SAE 21434. Usalama ni kujiandaa kwa yanayoharibika. Ulinzi ni kujiandaa kwa yanayoharibiwa.

Tahadhari moja ya sarufi inafaa hapa. Kauli ya kutendeka ina maana ya pili, ya uwezekano: “chipu hii haiharibiki” husikika kama ahadi kwamba haiwezi kuharibika kamwe, ambayo hakuna mhandisi angeitia saini. Maana ya tukio hujitokeza wazi zaidi kwa njeo ya -me-: imeharibika, ikiwa imeharibika, isipokuwa imeharibika.

Mwaka 2015 watafiti wawili wa Marekani, Charlie Miller na Chris Valasek, walionyesha kwamba wangeweza kuifikia Jeep Cherokee kutoka mbali kupitia mfumo wake wa burudani uliounganishwa na simu, na kutoka hapo kutuma ujumbe katika basi la CAN. Kampuni ya Fiat Chrysler iliyaita magari milioni 1.4 kwa marekebisho. Hakuna nyutroni iliyohusika, na hakuna kifaa kilichoharibika. Ujumbe uliotumwa ulikuwa na biti za uhakiki zilizo sahihi, kwa sababu njia ya kuzihesabu ni ya wazi na mvamizi anaweza kuzihesabu sawasawa na mtengenezaji. Kinga inayomgundua mgeni asiye na adui nyuma yake haimgundui adui. Huyo hugunduliwa kwa sahihi ya siri, yenye ufunguo asioujua, na kwa walinzi wa njia wanaouliza ni nani aliyetuma na kama ana ruhusa ya anwani hiyo.

Kinyume chake pia ni kweli, nacho hutajwa mara chache zaidi. Chipu yenye ulinzi mkali inaweza kujifunga yenyewe inaposhuku uvamizi. Kwa simu au kadi ya benki hilo ni jambo jema. Kwa usukani wa gari lililo katikati ya daraja, kujifunga ndiko ajali yenyewe. Mnunuzi wa gari, mwandishi wa zabuni au mkaguzi wa viwango aliyesoma “usalama” kwa maana moja akatia saini kwa maana nyingine amenunua nusu ya kitu, na hatajua ni nusu ipi.

Matumizi yanayopendekezwa

Andika usalama wa kiutendaji kwa dhana ya ISO 26262 na ulinzi dhidi ya uvamizi kwa dhana ya ISO/SAE 21434, angalau mara ya kwanza katika kila sura. Kisha usalama na ulinzi vitatosha. Epuka “kulinda data dhidi ya nyutroni”, data hukingwa. Usitumie usalama wa data kabisa: katika maandishi ya magari neno hilo limekwisha kubeba maana tatu, pamoja na ile ya faragha ya dereva.

Kifaa ambacho kikipata kasoro huzima na kuliacha gari katika hali isiyo na hatari, kiitwe kinachoshindwa kwa salama. Kinachoendelea na kazi licha ya kasoro ni chenye kustahimili. Visichanganywe: gari lenye dereva linaweza kuridhika na cha kwanza, gari lisilo na dereva haliwezi.

Chipu iko katika ngeli ya i-/zi- (chipu hii, chipu hizi). Chip bila irabu ya mwisho haikubaliki katika maandishi rasmi. Pakiti vilevile ni i-/zi-. Mtandao ni u-/i-, na wingi wake, mitandao ya ndani ya chipu, usifupishwe kuwa “mitandao”, ambayo kwa msomaji wa leo ni ile ya kijamii.

Mfano wa tafsiri isiyofaa: “Mtandao wa gari una usalama wa hali ya juu unaozuia hitilafu za data.” Iliyorekebishwa: “Mtandao wa ndani ya chipu una kinga za usalama wa kiutendaji za ngazi D, zinazogundua kosa la data au la anwani kabla halijasababisha kushindwa kazi, ulinzi dhidi ya uvamizi umeelezwa katika sura ya 6.”